Umekosa tarehe ya kuripoti? Anayekwambia ujifiche hakusaidii

Ndugu zangu wa Ukunda, Diani, Msambweni, mpaka kule Vanga.

Leo naongea na watu wawili kwa pamoja. Wa kwanza ni wewe muomba hifadhi uliyepewa siku ya kufika ofisi ya wakimbizi Mombasa, iwe ni kwa mahojiano au kufanya upya ile karatasi yako, na siku ikapita. Wa pili ni wewe kijana mwenzangu wa hapa hapa, kipande chako kiko mfukoni, na jamaa huyu ni jirani yako au mnafanya kazi pamoja. Amekuja kukuuliza afanye nini. Jibu ulilompa nalijua, maanake nimelisikia barazani, nimelisikia kwenye steji ya bodaboda, na nimelisikia nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa: "Tulia tu ndani. Usijipeleke mwenyewe, watakushika."

Jibu hilo limetoka kwa huruma, sikatai. Lakini ndilo linalowamaliza watu.

Tuanze na jambo lenyewe lilivyo. Kukosa siku moja ya kuripoti hakumfanyi mtu asiwe mkimbizi. Aliyekimbia vita au mateso amekimbia, na sababu zake hazifutiki kwa sababu ferry ilichelewa au mtoto aliamka na homa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, ambayo ndiyo inayotumika Kenya sasa, inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake au uhuru wake uko hatarini. Kenya ilijifunga kwa mkataba wa kimataifa wa wakimbizi tangu 1966, na ule wa Afrika tangu 1992. Sheria ina orodha ya sababu zinazoweza kumfanya mtu anyimwe ukimbizi au anyang'anywe. Kukosa miadi hakumo.

Sasa hatari iko wapi? Iko kwenye faili. Ofisi ikikuita usionekane, na ukae kimya, wanaweza kuhesabu kwamba umeacha ombi lako. Faili linafungwa. Karatasi uliyo nayo inaisha muda wake na hakuna anayeifanya upya. Kuanzia hapo, askari akikusimamisha barabarani hana mbele yake muomba hifadhi aliyechelewa. Anaona mgeni asiye na karatasi, na mgeni asiye na karatasi anapelekwa kortini kwa sheria nyingine kabisa, ile ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, ambayo adhabu yake inaweza kufika shilingi laki tano au miaka mitatu jela, au vyote viwili.

Umeona tofauti? Wiki ya kwanza ulikuwa na tatizo la barua moja. Miezi sita ya kujificha imeligeuza kuwa kesi ya jinai.

Najua mtaniambia: wewe unaongea hivyo kwa sababu hujui hofu. Wacha tuseme ukweli basi. Pwani hii neno "kuripoti" lina historia chafu. Mwaka 2016 HAKI Africa walitoa ripoti yenye visa 81 vya mauaji na watu kupotezwa katika kaunti za Pwani, tangu 2012. Kwale imo. Hakuna familia hapa isiyojua jina la mtu aliyechukuliwa. Na upande wa wakimbizi, Aprili 2014 ile operesheni ya Usalama Watch iliwajaza watu uwanja wa Kasarani, wengi wao Wasomali, wenye karatasi na wasio nazo. Mtu aliyeyaona hayo akiogopa ofisi ya serikali, huyo ana akili timamu.

Lakini hebu fikiri kidogo. Mtu anayepotezwa kirahisi ni yupi? Ni yule ambaye hayuko kwenye daftari lolote, hana nambari ya faili, hana wakili anayejua jina lake, hakuna barua yenye muhuri inayoonyesha kwamba siku fulani alifika mahali fulani. Akichukuliwa usiku, sisi tutaenda kituoni kuuliza nini? "Tunamtafuta jamaa mmoja, tunamwita Kaka"? Karatasi haizuii risasi, hilo tunalijua vizuri kuliko watu wa Nairobi. Ila karatasi ndiyo inayotupa sisi wengine mahali pa kushika tunapoanza kumtafuta.

Na kuna watu wanafaidika sana wewe ukijificha, tuwataje. Yuko tajiri mwenye nyumba za wageni Diani anayekulipa nusu ya anachomlipa kijana wa Ukunda, na mwezi mwingine halipi kabisa, kwa sababu anajua huwezi kwenda popote kulalamika. Yuko mwenye machimbo ya mawe anayekupeleka shimoni bila buti, ukivunjika mguu anasema hakujui. Yuko mwenye nyumba anayepandisha kodi kila akisikia kuna msako. Hawa ndio wa kwanza kukwambia "kaa hapa, mimi nitakuficha." Wengine wao wanaswali safu ya mbele. Mimi simwiti huyo mfadhili. Anakula jasho la mtu aliyefungwa bila pingu, na sisi vijana tunaomshauri jamaa ajifiche tunamfanyia kazi bila mshahara.

Kisha yuko broka. Huyu anakuja na simu mbili, anasema ana mtu ndani, atakutengenezea tarehe mpya au karatasi mpya kabisa kwa elfu kadhaa. Ndugu yangu, kusajiliwa na kuhojiwa kwa ajili ya hifadhi hakulipiwi. Anayekuomba pesa kwa hilo ni mwizi, awe ameketi nje ya geti au ndani ya geti. Na karatasi ya kununua ina ubaya kuliko kukosa karatasi. Kesi yako yote ya hifadhi inasimama juu ya kitu kimoja: je, unaaminika? Huna video ya waliokuja kukuua, una maneno yako tu. Siku utakayoshikwa na karatasi bandia, maneno yako yote ya kweli yanaanza kunuka.

Kwa hiyo ufanye nini?

Nenda. Ukigundua leo kwamba tarehe ilikuwa jana, nenda kesho asubuhi. Usingoje uitwe tena, kwa sababu huenda usiitwe. Usingoje pia upate sababu nzuri zaidi. Kama una simu ya ofisi au ya afisa anayeshughulikia faili lako, piga au tuma ujumbe kabla ya kutoka nyumbani, ili kuwe na alama kwamba ulijitokeza mwenyewe. Kama ni mgonjwa huwezi kusimama, ujumbe utangulie na mtu wako aende na barua.

Barua yenyewe haina ufundi. Jina lako kama lilivyo kwenye faili, nambari ya faili, tarehe uliyokosa, sababu kwa mistari miwili mitatu, na ombi la tarehe mpya. Weka nambari ya simu inayopatikana. Andika nakala mbili. Moja wanabaki nayo, ya pili omba wapige muhuri wa kupokea, wakikataa muhuri andika mwenyewe pale pale nani alipokea, siku gani, saa ngapi. Kisha ipige picha na umtumie mtu mwingine unayemwamini, kwa sababu simu hupotea na nyumba huungua. Kiswahili kinatosha, wala usiache kwenda ati kwa sababu hujui Kiingereza.

Beba ushahidi wa sababu. Ulikuwa hospitali ya Msambweni? Beba kadi ya hospitali yenye tarehe. Mke alijifungua? Karatasi ya kliniki. Ulikuwa ndani kituoni? Omba nambari ya OB, ni haki yako kuijua. Gari liliharibika na huna cha kuonyesha? Basi sema hivyo hivyo, gari liliharibika na sina cha kuonyesha. Ulisahau? Sema ulisahau. Wallahi, "nilisahau" ya kweli ina nafasi kuliko barua ya daktari wa kununua. Nimeona vijana wetu wenye nia njema wakimtafutia mtu cheti cha ugonjwa ambao hakuugua. Acheni. Mnadhani mnamsaidia, na mnaichimbia kaburi kesi yake.

Usiende peke yako. Hapa ndipo wewe mwenye kipande unapoingia. Huna haja ya kuwa wakili, unatakiwa uwe na asubuhi moja. Panda naye matatu, vuka naye Likoni, kaa naye kwenye foleni, na ujue nambari ya faili lake kichwani au kwenye karatasi yako. Kama ataingia ndani bila wewe, kaa nje mpaka atoke. Asipotoka, wewe ndiye shahidi kwamba aliingia, na unajua wa kumpigia. Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaja mkimbizi miongoni mwa wanaostahili wakili wa bure, pamoja na mtu asiye na uraia. Muulizeni wakili kabla ya kwenda kama kesi ina utata, hasa kama karatasi iliisha zamani au faili limeshafungwa. Faili lililofungwa linaweza kuombwa lifunguliwe tena. Na ukipewa barua kwamba ombi limekataliwa, hesabu siku kuanzia hapo hapo: rufaa ina siku 30. Hiyo tarehe ukiikosa pia, ndipo mambo yanakuwa magumu kweli.

Kina mama niwaseme pembeni. Mara nyingi faili ni la mume, na mke na watoto wameandikwa chini yake. Mume akijificha, au akiondoka kwenda kutafuta kazi Lamu asirudi, mama anabaki na watoto wanne na hajui hata nambari ya faili. Dada, ichukue leo. Andika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Una haki ya kwenda kujieleza wewe mwenyewe, na ukiwa na sababu zako za kukimbia zisizo za mume, una haki ya kusikilizwa kwazo.

Je, ukishikwa kabla hujafika ofisini? Hili lisomeni mara mbili. Sema wazi, kwa lugha yoyote, "mimi ni muomba hifadhi," na uonyeshe karatasi hata kama imeisha. Usitoe chai, ukitoa leo, kesho watarudi kwa sababu wanajua unatoa. Katiba, kifungu cha 49, inasema ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti kama muda umeangukia wikendi. Ukifika kortini utasomewa shtaka la kuwa nchini kinyume cha sheria na utaulizwa, ni kweli au si kweli? Hapo ndipo watu wetu wanapoanguka. Mtu hajaelewa, amechoka, amelala sakafuni, askari amemwambia "kubali tu yaishe," anasema kweli. Ikishaandikwa kweli, ni hukumu, na nyuma ya hukumu inakuja amri ya kumrudisha kwao. Omba mkalimani, kifungu cha 50 kinakupa bila malipo. Mwambie hakimu wewe ni muomba hifadhi, una faili Mombasa, ulikosa tarehe kwa sababu fulani, na unaomba ofisi ya wakimbizi iitwe ithibitishe. Na kama ulikuwa na ile nakala ya barua yenye muhuri, hapa ndipo inalipa nauli yote uliyotumia.

Usikimbilie Lunga Lunga uvuke Horohoro ukaanze upya Tanzania. Huanzi upya. Unakuwa mtu mwenye maswali mawili badala ya moja.

Swali hili hili linaulizwa na jamaa zetu walio nje, hasa Uingereza, maana Waswahili wa pwani zote mbili wako huko. Kule ni kali zaidi. Kuripoti ni sharti la dhamana ya uhamiaji, na kukosa bila sababu ya maana ni kosa lenyewe, linaweza kukufanya uandikwe kuwa umetoroka na kuwekwa kizuizini. Siku ile ile piga simu kituo unachoripoti, mjulishe wakili wako, tafuta barua ya daktari kama uliugua kweli, na ujitokeze. Ushauri wa "zima simu" unaotoka kwa binamu wa WhatsApp huko nako umewaharibia wengi.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu kuna wanaodhani Kwale haihusiki na habari za wakimbizi, ati hiyo ni mambo ya Dadaab. Januari 2001, baada ya polisi kuwapiga risasi waandamanaji wa CUF kule Pemba na Unguja, zaidi ya watu elfu mbili walivuka bahari kuja Kenya. Walishukia wapi? Shimoni. Kwa mashua, wengine na nguo za mwilini tu. Watu wa Shimoni waliwapokea kabla serikali haijaamka. Kisha ikaja amri kwamba hawawezi kukaa Pwani, waende Dadaab, joto na vumbi, mbali na bahari waliyoizoea. Wapo waliorudi makwao mwaka ule ule. Wapo waliotawanyika, na baadhi yao walifika mpaka Mogadishu wakakwama huko miaka. Mwaka 2012 ndipo UNHCR ilipowarudisha kundi lao Zanzibar. Babu zenu wanaikumbuka hiyo Shimoni. Waulizeni ni nani alibaki na karatasi na ni nani alipotea hivi hivi.

Na Wamakonde wa Kwale, majirani zetu wa miaka na miaka, wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Vizazi na vizazi bila kipande. Wangeweza kuendelea kujificha. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kwenda Nairobi kumwona rais, na Februari 2017 wakapewa vitambulisho. Hawakuwa waomba hifadhi, ni kesi nyingine, najua. Lakini walitoka gizani kwa pamoja, wakiwa na majina yao kwenye orodha na mawakili pembeni.

Korti nazo si za kudharau. Serikali ilipotaka kuwahamisha wakimbizi wote wa mijini kwa nguvu kwenda kambini, Mahakama Kuu iliifuta amri hiyo Julai 2013, kesi iliyopelekwa na Kituo cha Sheria. Mwishoni mwa 2014 Bunge likapitisha sheria kwamba wakimbizi nchini wasizidi 150,000, kana kwamba vita vinauliza hesabu. Februari 2015 korti ikaifuta hiyo nayo. Walioshinda ni watu waliojitokeza na majina yao.

Serikali nayo isidhani nimeisamehe. Kifungu cha 47 cha Katiba kinataka kazi ya ofisi ya umma iwe ya haraka na ya haki. Haki gani kumpa mama wa Vanga tarehe ya saa mbili asubuhi Mombasa, alale njiani na mtoto mgongoni, afike aambiwe mfumo uko chini, rudi wiki ijayo, kisha hiyo wiki ijayo akikosa aandikwe yeye ndiye aliyeacha kesi? Huduma Centre ya Kwale ipo. Leteni afisa wa wakimbizi hapo siku moja kila mwezi, na siku nyingine Msambweni. Tumeni ujumbe wa simu wa kukumbusha, kama benki inavyoweza kunikumbusha deni la shilingi mia mbili. Na kabla ya kufunga faili la mtu, mwandikieni kwanza, kwa lugha anayoisoma. Kaunti yetu ina wawakilishi wa wadi na wabunge wanaojua kuja kula pilau la Maulidi. Waulizwe hili mbele ya sahani.

Wakati tunawangoja, kazi iliyopo ni ya asubuhi moja moja. Tunatafuta vijana wa Ukunda, Diani na Msambweni, wa kike na wa kiume, watakaomsindikiza mtu Mombasa na kumngoja. Anayejua Kisomali, Kirundi, Kifaransa au Kiamhara ndiye tunayemhitaji zaidi. Tuma jina la mtaa wako na siku ambazo huna kazi. Jina la muomba hifadhi usilitaje hadharani, wala nambari ya faili, wala picha ya karatasi yake. Hayo tutaongea ana kwa ana.